Mfereji Uliokata Njia ya Ng'ombe

Maji yalikatika Jumanne asubuhi, siku ya tisa tangu yafunguliwe kwa ngoma na pombe. Émérance alifika kitaluni na jembe begani, akitegemea kusikia ule mlio mdogo wa maji yakiingia shambani, mlio ambao kwa siku nane ulikuwa umemfanya aamke mapema bila kunung'unika. Hakusikia kitu. Mferejini kulikuwa na tope linalong'aa na vyura wawili walioonekana kushangaa kama yeye.

Aliinama akaugusa udongo. Ulikuwa bado na unyevu, lakini jua la mwezi wa saba katika bonde la Ruzizi halina huruma, na miche ya mpunga ilikuwa na kimo cha kidole tu. Humo kitaluni ndimo alimomwaga mbegu yote ya nyumba, mpaka mfuko ukakung'utwa. Mumewe alikuwa amemwambia, "Mwaga, Mama Spès. Maji itafika siku ya Mungu, minye nimepima." Na kweli maji yalifika Jumapili ileile aliyoitaja. Kwa hiyo Émérance hakuwa na mtu wa kumlaumu bado. Akaanza kuufuata mfereji kwenda juu, upande wa mtoni.

Mfereji huo ndio uliokuwa habari kubwa ya Kiringye mwaka ule, mwaka wa tatu wa Uhuru. Wazungu wa kilimo walikuwa wameondoka, na kijiji kikaamua kujichimbia chenyewe maji kutoka kijito cha Nyakagobe, ili watu walime mpunga hata wakati wa kiangazi. Sylvestre, mume wa Émérance, ndiye aliyepima, kwa sababu kwa miaka saba alikuwa amembebea mzungu mmoja nivo, yaani kile chombo chenye kioo cha kutazamia mteremko wa ardhi. Mzungu alipokimbia, chombo kilibaki mikononi mwa Sylvestre. Bonaventure, prezida wa komite, ndiye aliyeongoza kuchimba, kwa sababu alikuwa na sauti.

Wanaume hawa wawili walikuwa wamebishana tangu mwezi wa nne ni kazi ipi iliyo kazi hasa.

"Kupima njo kazi yenyewe," Sylvestre alikuwa akisema, kaye yake, lile daftari la vipimo, kwapani. "Ukimaliza kupima, mufereji iko tayari. Inabakia jasho tu."

"Basi kunywa ile mufereji ya mu kaye," Bonaventure alikuwa akimjibu, na watu wakacheka. "Weye unapandaka vijiti ya kupimia mwezi muzima, tunakuangalia. Maji inafuata jembe, haifuate kalamu."

Bwana shamba wa wilaya, yaani agronomu wa teritware, aliyekaa Uvira, bwana Thaddée, naye alikuwa na maoni yake. Kwake yeye, kupima na kuchimba vilikuwa mambo ya watu wenye matope miguuni. Kazi ilikuwa kazi siku ile tu karatasi ya kuipokea inapotiwa sahihi na muhuri. Siku hiyo ilikuwa imepangwa kuwa Alhamisi ya juma lilelile. Angekuja, angesaini, watu wangekula, na angemchukua Sylvestre awe moniteri, yaani msimamizi, wa maji Uvira, mwenye mshahara na nyumba ya mabati karibu na ziwa. Émérance alikuwa ameshaanza kuiota nyumba hiyo, na katika ndoto mvua ilipiga kelele juu ya mabati wala haikuingia ndani.

Pale mfereji unapokata uwanda wa nyasi, alikuta watu wamejaa. Ukingo wa mfereji ulikuwa umebomolewa kwa upana wa nyumba. Kwato zilikuwa zimeuchanganya udongo mpaka mfereji haukujulikana ulikopita, na maji ya Nyakagobe yalikuwa yakienda zake taratibu kwenye nyasi, kumnywesha nani haijulikani.

"Ngombe ya Niyibizi, ule mufugaji," mtu mmoja alimwambia. "Ilishuka jana jioni kutoka mulima. Zote, tena kwa mustari."

Vijana walikuwa wamekwisha kukamata mtamba mmoja mwekundu, wamemfunga uani kwa Bonaventure. Walikuwa vijana walewale waliokuwa wakikutana vichakani siku hizo, wakisema uhuru wa kweli bado haujafika na kwamba utaletwa kwa nguvu. Mmoja alishika fimbo. Bonaventure, ambaye kwa kawaida hupenda ugomvi akiwa nyuma ya watu wengine, aliinua mikono.

"Hapana kupiga muntu. Alhamisi mukubwa Thaddée atakuja, atakata hii maneno. Ile mutamba tutaichinja siku ileile, tutakula na mukubwa. Njo itakuwa malipo."

Watu waliridhika, kwa kuwa nyama ilikuwa haijaonekana Kiringye tangu Pasaka. Émérance alimtafuta mumewe kwa macho. Sylvestre alikuwa amesimama pembeni, anatazama alama za kwato, si pale zilipobomoa mfereji bali kule zilikotoka na kule zilikokwenda. Uso wake ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu.

*

Nyumbani Sylvestre hakugusa bugali. Alifungua kaye, akafunga, akafungua tena.

"Nilipima mwezi wa ine," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini ili binti yao Spès, aliyekuwa akichambua majani ya sombe uani, asisikie. "Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nyasi zilikuwa zinafika hapa." Akajigusa kifua. "Ngombe zote zilikuwa huko juu, Mulenge. Minye niliona uwanda tu, muzuri, sawasawa. Sikuona njia."

"Iko njia," Émérance alisema.

"Leo nimeona kama iko njia! Inatoka kule mulima inaenda mpaka Ruzizi. Imechimbika kabisa. Ile njia iko ya zamani kutupita sisi wote."

"Minye niliijua."

Sylvestre alimtazama kana kwamba ameongea Kifaransa.

"Kila kiangazi napitaka ile njia," Émérance alisema. "Napelekeaka Nyiramana, muke ya Niyibizi, bunga ya mihogo, ananipa maziwa. Miaka sita sasa. Mwezi wa ine nilikuona unapanda vijiti pale pale. Nilisimama hata na mutungi kichwani."

"Na haukusema?"

"Haukuniuliza." Kisha akaongeza kwa haki, maana hakuwa mwanamke wa kujipendelea, "Na nilifikiri muntu mwenye nivo anajua. Nilifikiri iko namna fulani utafanya, ya kizungu, ngombe ipite juu."

Sylvestre hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefanya kazi miaka saba na mzungu ambaye, kila vijiti vilipokwisha kupandwa, alifunga mahema na kuhamia bonde jingine. Hakuwahi hata mara moja kuona mfereji wao ukichimbwa, ukipokewa, ukibomoka, wala kuona ng'ombe wakifika kwenye mfereji wao. Siku zote alijua mifereji katika hali yake ya vijiti, ikiwa haina kosa.

"Alhamisi," alisema. "Nikisema mbele ya Thaddée ya kuwa kosa iko yangu, ile kazi ya Uvira imekufa."

Émérance aliona mabati. Aliona pia viraka vya kitenge chake, na wake za makarani wa Uvira wasiokuwa na viraka. Aibu ya maneno aliyoyasema baada ya hapo haikumtoka kwa muda mrefu.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Niyibizi iko na ngombe mingi. Mumoja haitamuua."

*

Jumatano alibeba maji kwa kichwa kutoka Nyakagobe mpaka kitaluni, mtungi baada ya mtungi. Wanawake wengine wenye vitalu walifanya hivyo hivyo, lakini wao walikuwa wamebakiza mbegu ndani, na wakipishana naye walimuuliza kwa upole wenye miiba, "Mama Spès, ile maji ya bwana yako inapita sasa juu ya kichwa?" Alicheka nao, kwa kuwa kutocheka kungekuwa vibaya zaidi. Miche ilikuwa imeanza kuwa njano kwenye ncha. Alipomwaga mtungi, udongo uliyameza maji kabla hajauinua mtungi wenyewe.

Mara ya nne alipita karibu na kambi ya Niyibizi, na Nyiramana alikuwa amesimama njiani, akimngojea. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, ambaye katika miaka sita Émérance hakuwahi kuzungumza naye jambo kubwa kuliko homa za watoto.

"Mama Spès, amani?"

"Amani."

"Banasema tulibomoa mufereji kwa kusudi. Banasema tunataka vita." Nyiramana alisema kila neno polepole, Kiswahili kikiwa si lugha ya nyumbani kwao. "Bwana yangu hakuona mufereji. Ngombe ilikuwa mbele, kiu iko mingi, njia inaijua yenyewe. Weye unajua hii njia. Tunapitaka hapa tangu zamani. Utatusemea?"

Émérance alikuwa na mtungi kichwani, na mtungi ni kisingizio kizuri cha kutotikisa kichwa.

"Tutaona kesho," alisema.

Nyiramana akachukua kibuyu, akakijaza maziwa kama alivyofanya siku zote. Émérance akasema leo hana unga. Nyiramana akasema hakumuuliza unga. Maziwa yale Spès aliyanywa yote peke yake jioni, akalamba midomo, na mama yake hakuweza kuyaonja hata tone.

*

Alhamisi bwana Thaddée alifika kwa pikipiki, tai shingoni, vumbi jekundu kwenye nyusi. Wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walikuwa wamemchelewesha saa mbili, akafika na haraka ya mtu anayetaka kurudi kabla barabara haijabadili mawazo. Aliwekewa meza na kiti mbele ya kanisa. Juu ya meza akapanga karatasi tatu na muhuri. Mtamba mwekundu alikuwa amefungwa mahali pa kuonekana, na mtu alikuwa akinoa kisu bila kujificha.

Niyibizi alikuja peke yake, kofia mkononi. Aliulizwa kama ng'ombe ni wake, akakubali. Aliulizwa kama walibomoa mfereji, akakubali. Aliulizwa kama ana neno.

"Tulipita mu njia," alisema.

"Njia gani?" Bonaventure alipaza sauti. "Mu plani ya mukubwa hakuna njia! Muntu aonyeshe njia mu plani!"

Thaddée aliikunjua plani, ile ramani ya mfereji ambayo Sylvestre alikuwa amemchorea, nzuri, yenye wino wa rangi mbili. Aliitazama huku na huku. "Ni kweli, hakuna njia," alisema, akachukua kalamu. "Basi mambo ni mepesi. Ile mutamba ni faini, mutatengeneza pale palipobomoka, na mimi nitapokea kazi leo. Monsieur Sylvestre, karibia hapa."

Sylvestre alikaribia. Émérance, aliyekuwa amekaa chini na wanawake, alimwona mumewe akifumbua mdomo, akaufumba. Alimwelewa kabisa. Ni yeye mwenyewe aliyemwambia anyamaze, na sasa mtu anamtii, kwa mara ya kwanza labda tangu waoane. Alitazama wanawake wenzake. Kumi au zaidi kati yao walikuwa wamepita njia ile na unga kichwani, na kila mmoja alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Akasimama.

"Njia iko," alisema.

"Nani anasema?" Thaddée aliuliza.

"Minye, bibi ya Sylvestre. Njia iko, minye napitaka pale kila mwaka, na hawa wamama wote. Mwezi wa ine niliona vijiti inakata njia, na nilinyamaza. Ile mutamba hamutaichinja. Mukitaka kuchinja, anzeni na minye niliyenyamaza."

Kulikuwa na kicheko kidogo, cha woga, kikafa. Bonaventure akasema kwamba mambo ya mfereji si mambo ya wanawake. Hapo Sylvestre akaweka kaye yake juu ya meza, juu ya zile karatasi tatu.

"Mukubwa, anasema kweli. Nilipima wakati wa mvua. Sikuuliza muntu. Kosa iko yangu."

Mtu mwingine angeishia hapo akabaki na heshima yake. Lakini Sylvestre alikuwa ameumia, na aliyeumia hutafuta wenzake. Akamgeukia Bonaventure.

"Lakini weye ulichimba pale juma mbili. Haukukuta mavi ya ngombe?"

"Tuliikuta," Bonaventure alisema.

"Mingi?"

"Mingi sana. Ya kukauka." Prezida alijikuna shingo. "Tuliambiwa tufuate kamba ya vijiti. Tulifuata kamba."

Sasa watu walicheka kweli, hata wale vijana, hata mwenye kisu. Mzee mmoja kutoka nyuma akauliza, kwa adabu zote, kama mukubwa mwenyewe alipoitia plani muhuri wa kwanza alifika kuiona ile mahali, ama aliiona kutoka Uvira. Thaddée alivuta karatasi zake kutoka chini ya kaye, moja moja, akazirudisha mkobani.

"Siwezi kupokea kazi iliyobomoka," alisema. "Na serikali haiwezi kuajiri muntu asiyeona njia ya ngombe arobaini. Pole, Monsieur Sylvestre."

Aliondoka bila kula. Mtamba alifunguliwa, akarudi kambini mbio mkia juu, na hakuna aliyemzuia.

*

Siku ile na siku iliyofuata Sylvestre hakumwambia mkewe neno. Alikula alichopewa, akatazama ukuta. Émérance hakuomba msamaha. Alijua amefanya vema, na kujua huko hakukumfariji hata kidogo; mabati ya Uvira yalikuwa yamekwenda, na yeye ndiye aliyeyaezua kwa mikono yake.

Lakini Ijumaa asubuhi Sylvestre alikwenda kambini kwa Niyibizi, mikono mitupu. Walikaa muda mrefu. Niyibizi alimweleza kwamba huko juu mlimani watu hufinyanga hori la udongo la kunyweshea ng'ombe, na udongo wake ukikandwa vizuri hauvuji mwaka mzima. Ng'ombe hawaogopi maji, alisema, wanaogopa kingo za kusimama wima. Wakipewa pahali papana na chini, watapita kama watu wanaoingia kanisani.

Basi wakafanya hivyo. Bonaventure na watu wake walipanua mfereji pale kwenye njia, wakaufanya mpana na wa kina kifupi, wakatandika mawe ya mtoni. Wanawake walileta udongo wa vichuguu kwa vikapu. Kisha Niyibizi akaleta ng'ombe wake, wote, akawapitisha juu ya udongo ule wenye maji, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akiwaita kwa majina, mpaka kwato zilezile zilizobomoa zikaukandamiza udongo ukawa mgumu kama sakafu. Hata wale vijana wa vichakani walikuja kutazama, wakajikuta wameshika fimbo za kuswagia ng'ombe.

Jumamosi baada ya adhuhuri maji yalirudi.

Émérance alikuwa kitaluni yalipofika. Yaliingia na povu na majani makavu, yakatafuta njia kati ya miche, na nusu ya miche ile ilikuwa imekwisha kukauka, haikuwa na haja tena ya maji. Nusu nyingine ilisimama. Nusu ya shamba, basi. Nusu ya mwaka wa kula. Alisimama katikati ya maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu, akalia kwa furaha na kwa hasara, vyote pamoja, bila kujaribu kuvitenganisha.

Aligeuka, akamwona Sylvestre amesimama kwenye ukingo. Hakujua amesimama hapo tangu lini. Alikuwa na matope mpaka magotini, jambo ambalo katika miaka yote ya nivo hakuwahi kumwona nalo.

"Mama Spès," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Mu hii mufereji yote, tangu mutoni mpaka hapa. Iko kitu ingine uliona, minye sikuona?"

Émérance alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alimtazama kwa makini, kuona kama anauliza ili ajibiwe au anauliza ili aonekane ameuliza. Sylvestre alikuwa akingoja.

"Iko," alisema.

"Nini?"

"Kaa chini," Émérance alisema. "Ni mingi."

Sylvestre akakaa chini.